Kijana Ana Miaka 14, Mtoe Chekechea

 

Wadogo zangu wa Arusha na vitongoji vyake, leo sitajibu barua tatu nne kama ilivyo desturi ya kona hii. Nina moja tu, na ni nzito. Imetoka kwa mama anayeishi upande wa Meru, mbele kidogo ya Tengeru. Ana kijana wa miaka 14 mwenye usonji. Maneno yake ni ya kuhesabu, lakini namba za daladala zinazopita barabara ya Moshi anazo zote kichwani. Shule ya msingi alikaa mpaka akawazidi wenzake kimo na ndevu zikaanza kuchungulia, ndipo mwalimu akamwita mama pembeni na kumwambia kwa upole kwamba wao uwezo wao umeishia hapo. Sasa mama ameona kibao mjini kimeandikwa Montessori. Kaenda, kapokelewa vizuri, kaonyeshwa darasa lenye vipande vya mbao vya rangi na shanga za kuhesabia, kaambiwa nafasi ipo. Ada yake inataka ng'ombe auzwe. Shemeji yetu, mumewe, hataki hata kusikia. Anasema kijana apelekwe kwa bibi yake kijijini, yaishe. "Dada, niuze ng'ombe nisiuze?"

Mdogo wangu, usiuze. Sina ugomvi na Montessori, naipenda, na nitakueleza kwa nini. Ila kwa kijana wa umri huo, ng'ombe huyo unayetaka kumuuza ndiye darasa lenyewe.

Tumjue kwanza mwenye jina. Maria Montessori alizaliwa Italia mwaka 1870, akahitimu udaktari mjini Roma mwaka 1896. Sisi huku tunamjua kwa chekechea, watoto wa miaka minne wakimimina maji kwenye vikombe. Lakini yeye hakuanzia kwa watoto hao. Alianzia kwa watoto waliofungiwa kwenye hospitali za wagonjwa wa akili, wale ambao jamii ilishawakatia tamaa. Inasimuliwa kwamba aliwaona wakigombania makombo ya mkate sakafuni hata baada ya kula, mhudumu akawaita walafi, yeye akaona kitu kingine: chumba kilikuwa kitupu, hakukuwa na chochote cha kushika isipokuwa makombo hayo. Akafuata kazi za madaktari wawili Wafaransa waliomtangulia, Itard na Séguin, akatengeneza vifaa vya kushika, kupanga, kupima na kulinganisha. Baadhi ya watoto wale wakafanya mitihani ya shule za kawaida na kufaulu. Nyumba yake ya watoto ya San Lorenzo, ile iliyompa jina duniani, ilifunguliwa Januari 1907, baada ya kazi hiyo yote.

Wakati huo hakuna daktari aliyekuwa akizungumza kuhusu usonji kama tunavyoufahamu leo. Daktari Leo Kanner ndiye aliyekuja kueleza kuhusu watoto 11 aliowachunguza kule Marekani, mwaka 1943. Kwa hiyo mtu akikuambia Montessori ni tiba ya usonji, mwambie asante, uondoke. Usonji hauponywi kwa vifaa, na utafiti kuhusu Montessori kwa vijana wenye usonji ni mchache mno, haumpi mtu kiburi cha kukuahidi miujiza. Tunachochukua kwake ni namna ya kumfundisha mtu ambaye mikono yake inaelewa mapema kuliko masikio yake.

Sasa sikiliza jambo ambalo wenye vibao wengi hawalisemi. Montessori aligawa ukuaji kwa vipindi vya miaka sita sita, na kwa wale wa miaka 12 hadi 18 aliweka kando kabisa vile vifaa vya chekechea. Katika maandishi yaliyotoka kwenye kitabu chake cha mwaka 1948 alisema kijana wa umri wa balehe asifungiwe darasani kutwa. Aishi karibu na ardhi, alime, afuge, awe na duka la kuuza anachozalisha, aweke hesabu, na masomo yake ya sayansi na hesabu yatokane na kazi hiyo. Aliwaita wana wa ardhi. Shule ya namna hiyo yeye mwenyewe hakuwahi kuiendesha. Wengine ndio waliokuja kujaribu baadaye, kama wale wa Ohio, Marekani, waliofungua shule ya shambani ya Hershey mwaka 2000, na wazazi wa huko wanalipa pesa ndefu ili watoto wao wasafishe banda la kuku.

Wewe banda la kuku unalo bure. Nacheka, lakini ndivyo ilivyo.

Na wala si geni kwetu. Mwaka 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka kila shule iwe pia shamba au karakana, wanafunzi wapange kazi, wauze, waone faida yao kwenye vitabu vya hesabu. Wengi wetu tuliosoma shule za serikali tunajua ilikoishia. Shamba likawa mahali pa kumpeleka aliyechelewa namba. Tulipalilia mahindi ambayo hatukujua yaliuzwa wapi wala nani alikula pesa yake. Kijana ambaye amelima, akavuna, akauza na akahesabu mwenyewe ameelimika. Aliyelimishwa kwa fimbo ametumika tu. Nawaomba mshike tofauti hiyo, kwa sababu vijana wengi wenye usonji majumbani mwetu tayari wanafanya kazi: wanachota maji, wanabeba majani ya ng'ombe, wanafagia uwanja. Wanafanya kwa kuamrishwa, kipande kipande, bila kujua kazi inaanzia wapi na inaishia wapi.

Hebu tuchukue mayai. Nimeyachagua kwa sababu trei ya mayai ni kifaa ambacho Montessori mwenyewe angekifurahia. Ina mashimo 30. Halihitajiki neno hata moja kumwambia kijana kwamba bado mawili, mashimo mawili matupu yanamwambia. Vifaa vyake vyote vilijengwa hivyo, kosa lijionyeshe lenyewe ili mtoto asisubiri mtu mzima amkaripie. Basi kazi ya kijana wako iwe nzima: aokote mayai saa ile ile kila siku, ayafute kwa kitambaa kikavu (asiyaoshe kwa maji, yai likioshwa linaharibika upesi), ayakague kwa mwanga wa dirishani, yenye ufa ayaweke bakuli la jikoni, mazima ayapange. Kisha aandike idadi kwenye daftari. Asiyeandika achore kijiti kimoja kwa kila yai. Trei ikijaa, anaibeba yeye kuipeleka kwa mteja, anapokea pesa yeye, anaitia kwenye kopo lake yeye.

Namna ya kumwonyesha ndiyo penye kazi. Kaa pembeni yake, upande mmoja naye, fanya polepole sana, na ufunge mdomo. Najua huo ni mtihani, sisi kina mama tukionyesha kitu huwa tunahubiri hapo hapo: shika hivi, nimekuambia shika hivi, si jana nilikuambia. Vijana wengi wenye usonji wanapata shida kutazama mikono na kusikiliza maneno kwa wakati mmoja. Chagua kimoja. Mwonyeshe kimya kimya, msogezee, subiri. Subiri tena. Akivunja yai usipige kelele, ameshaona. Mpe kitambaa afute. Kufuta nako ni hatua ya kazi, mwonyeshe kama ulivyomwonyesha nyingine.

Na ukishamwachia kazi, usimkatize. Shuleni kipindi ni dakika 40, kengele inagonga, kitabu kinafungwa, hata kama mtu ndiyo kwanza ameingia ndani ya jambo. Montessori alitaka asubuhi iwe na muda mrefu usiovunjwa, saa mbili, tatu. Kwa kijana mwenye usonji hiyo ni neema, maana wengi wao wakishika kitu wamekishika. Akimenya ndizi za mtori mwache amenye zote. Usimwite katikati aje asalimie wageni, wageni watamkuta.

Kuna mahali Montessori peke yake haitoshi. Yeye alimwachia mtoto achague kazi mwenyewe kutoka rafuni. Kijana wako ukimwuliza "leo unataka kufanya nini?" anaweza kuganda mlangoni nusu saa, au akachagua kitu kile kile mwaka mzima. Mpunguzie. Weka mbele yake vitu viwili, achague kimoja. Halafu mtengenezee ratiba ya picha. Kule Jimbo la North Carolina, Marekani, Eric Schopler na wenzake walijenga mfumo wao mzima, TEACCH, tangu mwaka 1972, juu ya wazo hilo kwamba mtu mwenye usonji akiona siku yake kwa macho, hofu inashuka. Huhitaji kununua chochote. Piga picha kwa simu: kuku, ng'ombe, bafu, chakula. Zichapishe stationery, zibandike kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio wa siku, kila kazi ikiisha anaibandua picha yake na kuitia kwenye kopo. Siku utaratibu ukibadilika, kwa mfano mna msiba, badilisha picha mapema mbele ya macho yake. Nusu ya zile hasira mnazoziita ukaidi zinatokana na mtu aliyeshtukizwa.

Kuhusu pesa, tupa noti za kuchezea. Kijana wa miaka 14 ashike pesa ya kweli. Anza na sarafu, mia mbili na mia tano, kisha noti kwa rangi zake: elfu moja ya bluu, elfu tano ya zambarau, elfu kumi nyekundu. Montessori alifundisha majina ya vitu kwa hatua tatu, na zinafaa hapa. Siku za kwanza unamwambia tu, hii ni elfu moja. Baadaye unamwomba, nipe elfu moja. Mwishoni kabisa ndipo unauliza, hii ni nini? Sisi huwa tunaanza na swali la mwisho, mtoto akinyamaza tunasema hajui. Asiyeongea anaweza kuishia hatua ya pili na akawa anajua kila kitu. Na huyo wako anayeshika namba za magari, mpe daftari la mayai na la maziwa. Atalitunza kuliko mimi na wewe.

Gulio la Tengeru ni Jumatano na Jumamosi, mnalijua lilivyo. Saa nne asubuhi hata mimi kichwa kinaniuma: spika za wauza dawa ya panya, makonda, mkokoteni unakusukuma kiunoni, mtu anakuita "dada njoo" huku amekushika mkono. Kwa mtu ambaye masikio yake na ngozi yake havichuji, hilo ni shambulio. Mpeleke saa moja kasoro, wakati kina mama wanatandika maturubai na kupanga mafungu ya nyanya. Aende kwa mteja mmoja anayemfahamu, akabidhi trei yake, apokee pesa, arudi. Kama kelele zinamsumbua, mnunulie vile vya kufunika masikio wanavyovaa mafundi wa mashine. Watu watamshangaa mara mbili tatu, baadaye watazoea.

Sasa nisogelee mezani, tuongee ya wakubwa. Miaka 14 ni balehe, na balehe haijui usonji. Wazazi wengi wananiandikia kuhusu "tabia mbaya" ya kijana kujishika mbele za watu. Ukimwambia "acha tabia mbaya" hajui unazungumzia tabia ipi kati ya alizofanya leo. Mwambie kwa maneno machache, hayo hayo kila siku: hii ni ya chumbani, mlango umefungwa. Mwonyeshe chumba, mwonyeshe mlango, na wenye nyumba nanyi mjifunze kubisha hodi. Kama ni chumba cha kushiriki na wadogo zake, weka pazia na muda wake.

Kwa wenye mabinti, usisubiri siku damu itoke. Andaa sinia: chupi safi, pedi, mfuko wa kutupia, kipande cha sabuni, vyote kwa mpangilio kutoka kushoto kwenda kulia. Mwonyeshe kwa pedi ya kweli na chupi ya kweli, kimya kimya kama tulivyosema kwenye mayai, mara nyingi kabla ya kuhitajika. Tia rangi nyekundu ya chakula kwenye pedi moja aone ya kubadilisha inafananaje. Asiye na pedi za dukani afundishe kwa vitambaa, na hapo sinia liongezewe beseni la kufulia na kamba ya juani.

Mfundisheni pia nani anaruhusiwa kumsaidia kuoga na nani haruhusiwi, kwa picha za watu wa nyumbani. Mnyanyasaji humtafuta anayetumia maneno machache, kwa sababu hatasema. Ukiona kijana amebadilika ghafla, anaogopa mtu au mahali, usimsingizie usonji, chunguza. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, bure, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto.

Ndiyo maana hapa mimi na Bibi Montessori tunaachana njia. Yeye alitaka vijana wake wakae mbali na nyumbani, kwenye hosteli ya shambani. Kwa kijana asiyeweza kueleza alichofanyiwa usiku, sikushauri bweni mpaka umelikagua mwenyewe, mchana na jioni, na umejua nani analala na watoto. Bweni zuri lipo. Baya nalo lipo, na geti lake huwa limepakwa rangi nzuri zaidi.

Halafu kuna jambo linaloninyima usingizi kuliko yote. Mtoto wa miaka sita akiingia uani kwa jirani na kuchungulia dirishani, watu wanacheka. Kijana wa miaka 16 mwenye mabega mapana akifanya hivyo hivyo saa moja usiku, mtu anapiga kelele ya mwizi. Anaulizwa jina, hajibu. Anaambiwa asimame, anakimbia. Mnaijua hasira ya mitaa yetu, sihitaji kumalizia. Aisee, usimfiche kijana wako. Kumficha ndiko kunakomfanya asijulikane. Zunguka naye mtaani mchana: kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa balozi, kwenye kijiwe cha bodaboda, dukani, msikitini, kanisani. Waambie chalii huyu ni wangu, ana usonji, hajibu akiulizwa, akipotea nipigieni. Mwekee mfukoni kadi ngumu yenye jina lake, neno usonji na namba yako ya simu, na mfundishe kuitoa kwa vitendo, mara nyingi, wewe ukijifanya mgambo. Vijana wa bodaboda wakishamjua wanakuwa walinzi kuliko ukuta wowote. Akipita kila Jumatano na trei yake, mtaa mzima unamjua kama kijana wa mayai, na hilo jina linamlinda.

Turudi kwenye kibao. Jina Montessori halina mwenyewe. Hakuna sheria inayomzuia mtu kulipaka ukutani, na Arusha limepakwa kuta nyingi. Kwa hiyo ukienda, usiulize kama ni Montessori. Uliza wana wanafunzi wangapi wa miaka 12 kwenda juu. Uliza hao wanafanya nini kuanzia saa mbili mpaka saa tano asubuhi. Omba uonyeshwe kitu walichotengeneza kikauzwa, na daftari la hesabu, uone ni mwandiko wa nani. Ukiona kijana mwenye ndevu anapanga ule mnara wa mbao za pinki wa chekechea, shukuru, aga, ondoka. Mwalimu naye mwulize alisomea wapi. Masista wa Ushirika wa Neema pale Moshi wamefundisha walimu wa Montessori, na kituo cha Msimbazi kule Dar es Salaam kadhalika. Ni mafunzo mazuri, lakini zaidi ni ya watoto wadogo. Kwa upande wa elimu maalum, tuna chuo kikongwe mlangoni kwetu: Patandi, hapo hapo Tengeru. Ningelazimika kuchagua mmoja, ningemchukua mwalimu wa Patandi ambaye hajui Montessori kabla ya mwalimu wa Montessori ambaye hajawahi kukaa na mwenye usonji. Sinia na trei atajifunza kwa mwezi.

Mahali pengine pa kubisha hodi ni Usa River, kituo cha mafunzo cha KKKT Dayosisi ya Kaskazini Kati, ambako vijana wenye ulemavu wanajifunza ufundi kama useremala na ushonaji. Nenda na kijana mwenyewe, waulize kama wanaweza kumpokea mwenye usonji na watamwekea utaratibu gani. Moshi kipo Kituo cha Gabriella, kinachohudumia watoto wenye usonji na changamoto nyingine za ukuaji. Na hospitali ya KCMC, huko huko Moshi, wana wataalamu wa tiba kwa vitendo na ndipo wanapofundishiwa, hao ndio watakueleza kwa nini kijana anakataa shati la kola au anaziba masikio. Ukitaka shemeji aone kwa macho kwamba mtu mwenye ulemavu anaajiriwa na kulipwa hapa hapa Arusha, mpeleke Shanga, kwenye viwanja vya Arusha Coffee Lodge, akaangalie mafundi, wakiwemo viziwi, wakiyeyusha chupa kuukuu na kutengeneza glasi na shanga wanazonunua watalii. Usonji na uziwi ni vitu viwili tofauti, najua. Lakini shemeji anahitaji kuona mtu mmoja akilipwa ndipo aamini wa pili.

Kwa shemeji nina neno. Kumpeleka kijana kwa bibi si wazo baya, likiwa na nia nzuri. Bibi mwenye kihamba, migomba, kahawa na ng'ombe wa ndani anaweza kuwa mwalimu bora kuliko sisi sote, maana hana haraka na anarudia jambo lile lile kila siku bila kuchoka. Ila aende na ratiba yake ya picha, na kuku wake, na wewe baba uwe unakwenda kukagua daftari. Kama nia ni asionekane, basi hapo mmemzika angali hai, na mimi sitakusaidia kuchimba.

Pesa ya kuanzia nayo haijakosekana kabisa. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi mwaka wa fedha 2024/25. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata ndiyo pa kuanzia. Tafuta wazazi wengine wawili watatu wenye vijana kama wako, mwende pamoja. Mkiwa watano mnaweza hata kuajiri mwalimu mmoja wa asubuhi, vijana wakafanya kazi kwenye banda moja, na kila mzazi akatoa zamu yake. Hiyo ndiyo shule ya Montessori ya vijana ninayoiona ikiwezekana Meru, na haihitaji kibao.

Na shule ya serikali usiiache kirahisi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa kijana wako haki ya elimu kama mwingine yeyote. Yule mwalimu aliyesema wamefika mwisho alikuwa mkweli, lakini hana mamlaka ya kumaliza safari. Nenda kwa afisa elimu maalum wa halmashauri yako. Chukua cheti cha kuzaliwa, karatasi za kliniki kama unazo, na barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Uliza kitengo kilicho karibu kinachopokea vijana wakubwa, na usiondoke bila jibu la maandishi. Shule zinafungua Januari na nafasi hupangwa kabla ya hapo, kwa hiyo nenda wiki hii.